Mwenyeji Anapouliza Mwenyewe

Msomaji, kitabu cha Linda Tuhiwai Smith, Mmaori wa Nyuzilandi, chaitwa Decolonizing Methodologies, nacho kilitolewa mwaka 1999. Mwandishi akumbusha jinsi wageni walivyojaza punje za ulezi katika mafuvu ya wahenga ili wapime akili za wenyeji. Basi auliza: utafiti ni wa nani, na faida yake yamwendea nani?

Uzuri wa kitabu ni kwamba hakikomi kwenye lawama. Chataja kazi 25 za wenyeji wenyewe, zikiwamo kudai, kukumbuka, kusimulia, na kuungana na wenyeji wa nchi nyingine. Kuungana huko kumezaa matunda: mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Haki za Wenyeji, lililopiganiwa na vyama vyao kwa miaka zaidi ya 20.

Ila yake ni lugha. Imejaa istilahi za chuo kikuu, hata mzee anayetetewa humo angehitaji mkalimani. Ila hiyo si ndogo, kwani elimu isiyomrudia mwenyewe imepotea njiani. Hata hivyo, kisome. Na siku utakapomwendea mzee wa kwenu kumwuliza habari za kale, jiulize kwanza utamrudishia nini.