Kuijua Siku Njema ya Ndege, Hori ya Mida

Watu wakirudi kutoka hori ya Mida, kusini mwa Watamu, huulizwa kwanza wameona aina ngapi. Mimi huomba daftari. Aina 50 huorodheshwa hata na mtu aliyepita mbio, lakini daftari la siku njema ya Aprili laweza kuwa na aina 12 tu na nisitake kuliweka chini.

Kwanza hutazama kama mwenyewe anayajua maji. Msimu wenyewe ni tanga mbili, kaskazi ikiishia na kusi haijashika, na siku bora ni za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama. Pwani hii bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Yakishapwa kabisa, ndege hutapakaa mafunguni wakawa nukta tu. Kwa hiyo mjuzi yuko pale mapambazuko, maji yakishuka na ndege wakiyafuata. Kisha hupumzika, akarudi saa nane mchana kuwangoja yakiwasukuma tena kuelekea mikoko. Daftari lililojazwa saa tano, mvuke wa joto ukitetemesha kila kitu ndani ya darubini, nalisoma kwa shaka.

Halafu manyoya, na hapa ndipo kazi ilipo. Yupo kitwitwi mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, ambaye wataalamu humwita Calidris ferruginea. Miezi yote ya kaskazi ni wa kijivu, hana la kuvutia macho. Kufika Aprili anageuka mwekundu kama tofali lililochomwa, kwa sababu anakwenda kutaga Siberia, kwenye tambarare za kando ya Bahari ya Aktiki. Mwandishi mvivu ataandika "vitwitwi wengi". Mzuri ataandika wangapi wamegeuka, wangapi wana mabaka, wangapi bado kijivu, tena ataangalia matumbo. Ndege aliyejaza mafuta ya safari huonekana kwa ubavu: tumbo limetuna na kushuka nyuma ya miguu. Wale wa kijivu wasidhaniwe wagonjwa. Wengi ni wa mwaka wa kwanza, na watabaki papa hapa wenzao wakienda.

Kipimo kikali zaidi ni wale vitwitwi wawili wa mchangani, mkubwa na mdogo, wanaosimama kundi moja na wote hupata kifua cha rangi ya kutu. Mkubwa ana mdomo mrefu: ukiupima kwa jicho unazidi umbali wa kutoka shina lake hadi nyuma ya jicho, na miguu yake huwa na rangi iliyofifia. Karibu, jambo hili ni rahisi. Kwenye mita 200, upepo ukipiga, si rahisi hata kidogo. Hapo mimi hutafuta safu ya tatu katika daftari, ya ndege ambao mwenyewe hakuweza kuwatenganisha. Nikiikuta nayaamini na yale mengine yote.

Mla-kaa hahitaji utaalamu: mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene kama wa kuvunjia mawe. Lakini ukimwona Machi anayumbayumba kati ya kukaa na kuondoka, tulia naye. Anarudi visiwa vya Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, akachimbe shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe. Majahazi ya Waarabu yalirudi makwao kwa njia hiyohiyo. Wakati huohuo, mdomoni mwa Mto Sabaki kaskazini mwa Malindi, wanaanza kuwasili ndege wa Madagaska waliokwisha kulea huko. Ndugu msomaji, ukipata siku ya pili, ipeleke Sabaki.

Jambo moja linaniuma. Niliwahi kumwona mwongozaji akitembeza wageni moja kwa moja ndani ya kundi ili wapige picha za ndege wakiruka. Maji huwapa ndege hawa saa chache tu za kula, na kila kuruka bure hula mafuta waliyoyalimbikiza kwa safari. Mwongozaji hodari husimama kwenye daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko, akaacha maji yawalete wenyewe. Huyo mlipe vizuri. Ada ya daraja lile pia imesaidia karo za watoto wa vijiji vya jirani.

Usiondoke jua likielekea kuzama. Siku za bamvua maji huwa yametoka kujaa, na makundi yaliyonona huanza kelele, yakipaa na kutua, yakipaa tena. Wengine hukata tamaa wakashuka. Waliobaki hujipanga mstari, wakapanda juu ya vilele vya mikoko na kushika kaskazini, sauti zao zikisikika baada ya macho kuwapoteza. Andika saa, idadi na upepo. Wanaokaa hadi kuuandika ukurasa huo ni wachache, na mara nyingi ndio ninaoufungua kwanza.