Shina, Kichocheo na Tezi Dume: Uhakiki wa Istilahi Tatu

Mfasiri anayeandika juu ya saratani ya tezi dume hukabiliwa na istilahi tatu zenye mtego. Tunazihakiki hapa kwa sababu kosa lake haliishii karatasini, humfikia mgonjwa.

Ya kwanza ni tezi dume yenyewe. Husemwa, "Mzee ana tezi dume," na hukusudiwa maradhi. Ilhali kila mwanamume huzaliwa na tezi hiyo, nayo yaweza kukua uzeeni pasipo saratani yoyote. Jina la kiungo likigeuzwa jina la ugonjwa, asiye na saratani hufadhaika bure, na aliye nayo huipuuza. Hapana budi kutenga "kukua kwa tezi dume" na "saratani ya tezi dume".

Ya pili ni shina. Mwaka 1868 Ernst Haeckel wa Ujerumani aliunganisha maneno ya lugha yake yenye maana ya shina na seli, akimkusudia kiumbe wa seli moja aliye asili ya viumbe wote wenye seli nyingi. Fikra yake ilikuwa mti wa nasaba. Kiswahili kinaipokea fikra hiyo bila taabu, kwani nasi husema shina la ukoo na shina la ugomvi. Kwa hiyo "seli shina" inafaa. "Seli za shina" humpeleka mwalimu wa elimu ya viumbe kwenye mmea. Kibaya zaidi ni "seli zinazofanana na shina". Hakuna seli ya saratani inayofanana na gogo. Kinachofanana ni tabia: kujizalisha upya na kuzaa seli za namna nyingine. Tabia hiyo tunapendekeza iitwe "ushina", kwa kanuni ileile iliyotupa utu na uzazi.

Ya tatu ni kichocheo, neno linalotumiwa kwa kila molekuli inayosukuma saratani mbele. Vitabu vya shule vimekwisha kulipa neno hilo kazi ya homoni. Hapa mgongano ni mkubwa. Mwaka 1941 Charles Huggins na mwenzake, huko Chicago, walionyesha kwamba saratani hii hutegemea homoni za kiume, na kwamba kuziondoa huidhoofisha. Lakini mwaka 2017 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba seli zilizopoteza jeni TP53 na RB1 huweza, kwa msaada wa SOX2, kubadili nasaba na kuishi bila kutegemea kipokezi cha homoni hizo; dawa ya kukizuia hupoteza nguvu. Homoni na SOX2 zikiitwa vichocheo sawasawa, msomaji ataelewa kuwa kichocheo kimeponyoka kwa kichocheo, na habari yote imepotea. Homoni ibaki kichocheo. SOX2 iitwe "kiendeshi".

Istilahi hupimwa kwa jambo moja: je, mgonjwa ataelewa kwa nini dawa iliyomfaa jana haimfai leo? Tunawaomba wafasiri na walimu wazipime hizi kwa kipimo hicho.