Sifa za Mafundi wa Las Tablas

Katika mavazi ya fahari ya bara la Amerika, sijui moja linalostahili kutangulizwa mbele ya pollera ya wanawake wa Panama; wala silisifu kwa ajili ya mikufu ya dhahabu inayofunika kifua cha mvaaji, ijapokuwa ni ya thamani kubwa, bali kwa ajili ya subira ya watu ambao aghalabu hawaonekani siku ya sherehe. Makao makuu ya ufundi huu ni mji wa Las Tablas, jimbo la Los Santos, katika rasi ya Azuero.

Pollera ya sherehe ni blauzi yenye marinda mapana mabegani, na sketi ya kitani chembamba cheupe, iliyovaliwa juu ya shumizi, ambayo mvaaji akiikamata pindo kwa mikono miwili hukunjuka duara zima. Nakshi zake ni za namna nyingi, lakini iliyonistaajabisha kupita zote ni ile ya kivulini: fundi hukata ua katika kitambaa cha rangi, akalipachika nyuma ya kitani, kisha akaufuata ukingo wake kwa mishono midogo mno, hata rangi ikawa yachungulia upande wa mbele kama ua lililozama katika maji maangavu. Kosa la mshono mmoja laonekana; kwa hiyo haraka haina nafasi, na vazi moja huweza kumaliza miezi minane, au mwaka na ziada.

Wala kazi hiyo si ya mtu mmoja. Yuko afumaye kimia juu ya mto, akipishanisha vijiti vilivyozungushiwa uzi, yuko sonara, na yuko atengenezaye tembleques, mapambo ya nywele ya waya, shanga na magamba ya samaki, ambayo hutetemeka kila mvaaji apigapo hatua, nami nayapenda kuliko dhahabu yote.

Msafiri aliyelala katika mji wa Chitré aweza kwenda Las Tablas na kurudi siku hiyohiyo. Januari kuna maandamano ya pollera elfu. Tarehe 22 Julai, katika siku za sherehe za Mtakatifu Librada, huadhimishwa tamasha la taifa la vazi hili. Septemba ni zamu ya Guararé, mji jirani, kwa tamasha la Mejorana lililoasisiwa mwaka 1949 na Manuel F. Zárate, ambaye mkewe, Dora Pérez de Zárate, aliiandikia pollera kitabu kizima. Lakini namsihi msafiri asitosheke na maandamano: na atafute karakana, abishe hodi, na baada ya salamu aombe kwa adabu ageuziwe sketi, kwani katika nakshi ya kivulini upande wa ndani ndiko ustadi wa fundi unakopimwa, na fundi mwenyewe hujivunia kuuonyesha.