Utoto wa Sauti Mbili: Uhakiki wa Mazungumzo ya Wanamuziki Ndugu na Mashabiki Wao kwa Mfano wa Ali Kiba na Abdu Kiba

Ikisiri

Makala haya yanahakiki aina ya masimulizi ambayo wahakiki wa muziki wa Kiswahili wamezoea kuipita haraka: mazungumzo ya wanamuziki ndugu na mashabiki wao kuhusu utoto, mapendeleo na muziki. Hoja kuu ni kwamba mwanamuziki anayesimulia utoto wake peke yake hana wa kumsahihisha, ilhali aliyeketi na nduguye ana shahidi aliyekuwapo. Ushahidi huo huyapa mazungumzo thamani ya kifasihi, lakini unabanwa na mila ya heshima baina ya mkubwa na mdogo. Mfano mkuu ni ndugu wawili wenye asili ya Kigoma, Ali Kiba na Abdu Kiba, nao wanatazamwa kwa jicho la msikilizaji wa Kitahana, katika nyanda za juu za Kibondo.

1.0 Utangulizi

Mulokozi (1996) anaitazama fasihi simulizi kuwa ni tukio linalofungamanisha fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Kwa mtazamo huo, mazungumzo ya mwanamuziki na mashabiki, yawe redioni, kwenye televisheni au jukwaani kabla ya onesho, hayawezi kuachwa nje ya uga wa fasihi simulizi kwa sababu tu hayaimbwi. Yana fanani na hadhira, tena hadhira inayouliza. Zaidi ya hayo, yana muundo thabiti kiasi kwamba msikilizaji hulijua swali la pili kabla la kwanza halijajibiwa: ulizaliwa na kukulia wapi, muziki uliuanzaje, na nje ya muziki unapenda nini.

Makala haya hayachambui mahojiano ya siku fulani. Yanachambua maswali hayo matatu kama vipengele vya utanzu, na kuuliza kila swali linafanya kazi gani linapoelekezwa kwa watu wawili waliolelewa pamoja. Ndugu wa Kiba wamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, wote wawili wana kazi zinazojulikana, za pamoja na za kila mmoja peke yake. Pili, asili yao inawaweka katika mkoa ambao wasikilizaji wake wana desturi ya kuwadai wasanii kuwa ni watoto wao. Dai hilo lina historia, na bila historia hiyo swali la utoto huonekana kuwa la kupitisha muda tu.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na mawazo mawili. La kwanza ni la Lejeune (1975) kuhusu mapatano ya tawasifu: msomaji huiamini tawasifu kwa kuwa mwandishi, msimulizi na mhusika mkuu ni mtu mmoja mwenye jina moja. Katika fasihi ya Kiswahili mfano ulio karibu ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ya Shaaban Robert, ambamo msimulizi ndiye mwenye neno la mwisho juu ya maisha yake mwenyewe. Wazo la pili ni la Horton na Wohl (1956), walioonesha kwamba vyombo vya utangazaji humfanya msikilizaji ahisi anamjua mtangazaji au msanii kama mtu wa karibu, ingawa ukaribu huo ni wa upande mmoja.

Mawazo yote mawili hupata mtihani pale ndugu wawili wanapoketi pamoja. Mapatano ya Lejeune yanalegea, kwa sababu mhusika wa kisa cha utoto ni “sisi”, na kila mmoja wa hao “sisi” ana haki ya kukisimulia. Ukaribu wa Horton na Wohl nao unakutana na ukaribu mwingine ulio wa kweli: mbele ya shabiki anayehisi kumjua msanii, ameketi mtu aliyekula naye sahani moja.

3.0 Uchambuzi wa Maswali Matatu

3.1 Swali la utoto

Mwanamuziki anayesimulia utoto wake peke yake huelekea kuupanga kama kisa cha shujaa wa hekaya. Kipaji huonekana mapema, kikwazo hutokea, na leo ni ushindi. Msikilizaji hana njia ya kujua ni nini kimeachwa. Ndugu anapokuwapo, mpangilio huo huyumba. Nduguye anaweza kuongeza kipande kilichoachwa, kucheka mahali ambapo msimulizi alitaka huzuni, au kunyamaza mahali ambapo msimulizi alitarajia kuungwa mkono. Vitendo hivyo vitatu, yaani kuongeza, kucheka na kunyamaza, ni sehemu ya maana ya matini, na mhakiki anayenukuu maneno peke yake huipoteza.

Hata hivyo, shahidi huyu hayuko huru. Katika jamii nyingi za Tanzania utani wa jadi una mahali pake: baina ya babu na mjukuu, baina ya mabinamu, baina ya mashemeji, na baina ya makabila yenye historia ya kutaniana. Ndugu wa tumbo moja hawana ruhusa hiyo kwa kiwango kile kile. Mdogo humwita mkubwa wake kaka, na mkubwa humwita mwenzake mdogo wangu. Maneno hayo mawili yanatosha kupanga nani aanze kujibu. Mdogo akimsahihisha kaka yake hadharani, hata kwa jambo dogo, hadhira husikia zaidi ya usahihisho. Ndiyo maana katika utanzu huu usahihisho huvalishwa mzaha, au huanza kwa kukubali kwanza na kugeuza baadaye. Ustadi wa fanani mdogo upo hapo: kusema kweli pasipo kumvunjia kaka yake heshima.

3.2 Swali la mapendeleo

Swali la pili huonekana jepesi kuliko yote. Mtu hutaja chakula, filamu au mchezo, na mazungumzo huendelea. Kwa Ali Kiba, jibu la mpira wa miguu lilipata uzito usio wa kawaida mwaka 2018, aliposajiliwa na Coastal Union ya Tanga, timu ya Ligi Kuu. Mwaka huo huo yeye na Mbwana Samatta waliongoza timu mbili katika mechi ya hisani jijini Dar es Salaam. Jambo ambalo kwa wasanii wengi hubaki kuwa la mapumziko kwake liliingia katika orodha ya usajili.

Kwa mhakiki, tukio hilo linafundisha namna ya kuyasoma mapendeleo. Msanii akisema anapenda mpira, anadai kwamba kuna nafsi nyingine iliyotangulia umaarufu, na kwamba nafsi hiyo ingali hai. Dai hilo ni rahisi kutoa na gumu kuthibitisha. Uthibitisho wa usajili ni wa kitaasisi. Uthibitisho wa ndugu ni wa kimaisha, kwa kuwa yeye anajua kama mpira ulichezwa kweli, au ulipendwa baada ya picha kupigwa. Swali la mapendeleo kwa ndugu wawili, kwa hiyo, ni swali la utoto lililorudi kwa mlango mwingine. Kasoro ya waendeshaji wengi wa mazungumzo ni kumuuliza kila ndugu juu ya mapendeleo yake mwenyewe. Swali lenye tija ni lile la kumuuliza mmoja juu ya mapendeleo ya mwenzake.

3.3 Swali la muziki

Swali la tatu ndilo lenye mvutano mkubwa, kwa kuwa linagusa utangulizi na deni. Ali Kiba alitangulia kujulikana. Albamu yake ya Cinderella ilitoka mwaka 2007, na mwaka 2010 alikuwa miongoni mwa wasanii wa Afrika walioshiriki mradi wa One8 pamoja na R. Kelly. Abdu Kiba alikuja baadaye akiwa na jina la ukoo lile lile kama jina la jukwaani. Katika Kidela, wimbo wa Abdu, Ali ndiye aliyealikwa. Katika Mwambie Sina wa mwaka 2018, wote wawili wanasikika pamoja na wasanii wengine wa Kings Music, lebo ya Ali. Nyimbo hizi mbili zinaonesha mahusiano tofauti ya kikazi: katika ule wa kwanza mdogo ni mwenyeji na kaka ni mgeni, katika ule wa pili kaka ni mwenye nyumba.

Mazungumzo na mashabiki, hata hivyo, huwa na mwelekeo wa kuufuta wimbo wa kwanza na kuubakisha wa pili. Mdogo huulizwa kaka alimsaidiaje. Kaka haulizwi mdogo alimwongezea nini. Jibu lolote la mdogo huwa shukrani au ukaidi, na hana nafasi ya tatu. Hapa utanzu unajidhuru wenyewe, kwani unamgeuza shahidi kuwa mnufaika, na ushahidi wa mnufaika haumshawishi msikilizaji.

Ulinganisho na ndugu wa kizazi kilichotangulia unasaidia kulipima jambo hili. Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga walitoka Tanga, wakapitia Jamhuri Jazz ya huko, kisha Arusha, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaingia Kenya na kuunda Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki walipojitenga na kuanzisha Les Wanyika, ndugu hao walibaki pamoja katika bendi yao. Kwao undugu ulijulikana kupitia kazi: gitaa, utunzi na jina la bendi ambalo halikuwa la ukoo. Mdogo hakulazimika kubeba jina la kaka. Kwa ndugu wa Kiba, jina la ukoo ndilo jina la biashara, na kila swali la utoto ni swali la jina hilo pia.

4.0 Dai la Kitahana

Inabaki kueleza kwa nini msikilizaji wa Kibondo au Kasulu aulize juu ya utoto wa msanii ambaye kazi yake nyingi imefanyika Dar es Salaam. Jibu limo katika historia ya Buha. Tangu enzi za ukoloni nyanda hizi zilikuwa chanzo kikubwa cha wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, hasa Tanga. Manamba wa Kiha waliondoka kwa mkataba, wengine wakarudi na wengine wakabaki na kuzaa huko. Kwa familia nyingi za Kitahana, mtoto wetu aliyekulia kwingine ni ndugu halisi ambaye lugha yake imebadilika na kaburi la babu yake liko hapa. Kumuuliza mtu kama huyo alikulia wapi ni kumuuliza nini cha kwetu kimebaki kwake.

Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huo, Abdu Kiba akiwamo, walikusanyika kwa jina la Kigoma All Stars na kutoa Leka Dutigite. Jina la wimbo ni la Kiha, na maana yake inakaribia “acha tujidai”. Sarufi yake inastahili kuangaliwa. Kiambishi du- kinalingana na tu- cha Kiswahili. Kinasema “sisi” bila kueleza mipaka ya hao sisi. Mwaka huo huo mkoa ulikuwa ukigawanywa upya, Kakonko ikitoka Kibondo na Buhigwe ikitoka Kasulu. Ramani ilikuwa ikizidisha majina wakati wimbo ukiyaunganisha.

Umoja huo una gharama. Neno “Kigoma” katika mazungumzo ya wasanii huelekea kumaanisha ziwa, dagaa, Ujiji na reli. Nyanda za maharage na ndizi, baridi ya asubuhi na mpaka wa Burundi hazitajwi. Msikilizaji wa Kitahana anamdai msanii kuwa wake kwa neno ambalo halimtaji yeye mwenyewe. Swali la utoto ndilo pekee linaloweza kulipasua neno hilo, kwa kuwa linadai mahali halisi, mtu halisi na lugha iliyosemwa nyumbani. Ndugu wawili wakiulizwa nyumbani walisemeshwa kwa lugha gani, na bibi aliwaita kwa majina gani, watatoa habari ambayo wimbo hauwezi kuitoa.

5.0 Hitimisho

Inaweza kupingwa kwamba mazungumzo haya ni matangazo ya biashara, na kwamba hakuna fasihi ya kutafutwa ndani yake. Kwamba yanauza nyimbo ni kweli. Lakini majigambo na nyimbo za sifa nazo zilikuwa na mlipaji, na hatukuziondoa katika fasihi kwa sababu hiyo. Kinachoyapa mazungumzo ya ndugu uzito ni kwamba ndani yake kuna kitu ambacho biashara haikukitengeneza: kumbukumbu ya mtu wa pili.

Makala haya yanapendekeza mambo matatu kwa watafiti. Kwanza, unukuzi wa mazungumzo ya aina hii uoneshe vicheko, vinyamazo na mwingiliano wa sauti, si maneno tu. Pili, mtafiti arekodi ni nani aliyeulizwa kwanza, na ulinganisho ufanywe pale mdogo anapoanza. Tatu, tawasifu za wasanii wanaodaiwa na mikoa ya asili zisomwe pamoja na historia ya uhamaji wa mikoa hiyo. Kwa Kitahana kazi hiyo ni ya haraka, kwa sababu wazee waliowaona manamba wakiondoka wanazidi kupungua, na wao ndio wanaoweza kumweleza shabiki kijana kwa nini swali lake lina haki ya kujibiwa.