"Si Lazima" Si Marufuku: Tita la Viungo Katika Istilahi za Mitandao

Miongoni mwa nyaraka za IETF, jumuiya ya wahandisi wanaoweka kanuni za intaneti, umo mmoja wenye nambari 9356, uliotolewa Januari 2023 chini ya uhariri wa Ketan Talaulikar. Waraka huo waongeza jambo moja katika OSPF, itifaki ambayo kwayo ruta hupashana habari za njia. Twauchambua hapa kwa sababu sehemu yake fupi, ile ihusuyo uendeshaji, ina mtego kwa mfasiri wa Kiswahili.

Habari yenyewe ni hii. Mafundi huchukua nyaya nne, kila mmoja wenye uwezo wa gigabiti 10 kwa sekunde, wakazifunga pamoja hata ruta ikazihesabu kuwa njia moja ya gigabiti 40. Waya mmoja ukikatika njia haifi, hubaki 30. Hata hivyo, mkondo mmoja wa data kwa kawaida hupitishwa katika waya mmoja tu, ili vifurushi vyake visipitane njiani, na kwa hiyo hauwezi kuzidi 10. OSPF ya asili huliona fungu zima tu. Waraka waipa uwezo wa kutaja waya mmoja mmoja pamoja na sifa zake, si kwa hesabu za itifaki yenyewe, bali kwa faida ya mitambo ya nje inayopanga mapito ya data.

Fungu hilo tuliiteje? "Muungano" haufai: huashiria vitu vilivyokwisha kuwa kimoja, ilhali hapa kila waya una uzima wake na ucheleweshaji wake. "Bunda" na "kitita" zimekwisha kutekwa na noti, na "robota" ni la pamba, hukazwa lisichomoleke kitu. Twapendelea "tita", kama tita la kuni: hubebwa kwa pamoja, na ukuni mmoja waweza kuchomoka mzigo usifunguke. Na kila kimoja kilichomo kisiitwe "mwanachama", kana kwamba kina kadi na ada. Tuseme "kiungo cha tita". (Neno "kiungo" nalo lina wenyewe wengi, mpishi akiwa wa kwanza, lakini limezoeleka, tuliache.)

Tugeukie mtego. Tangazo la ruta moja huenezwa kwa ruta zote za eneo lake, na kila moja hulihifadhi. Tita la viungo vinne huongeza habari za viungo vinne. Matita yakiwa mengi, ruta nyingi zitabeba mzigo usiozihusu. Ndiyo maana waraka wakataza kabisa ruta kutangaza viungo hivyo pasipo kuamriwa, na walazimisha iwepo njia ya kumwezesha mwendeshaji kuamuru hivyo kwa viungo maalumu.

Mfasiri mwenye haraka, akiliona neno la sharti lenye kikanushi, ataandika: "Si lazima ruta itangaze." Kwa Kiswahili hiyo ni ruhusa! Mtengenezaji akiifuata, ataiacha ruta yake itangaze, na hatakuwa amevunja neno lolote alilosoma. Katazo lataka "ni marufuku" au "lazima isitangaze". Waraka nambari 2119 wa mwaka 1997 ulikwisha kuzipanga daraja za maneno haya, na sharti ni tofauti na pendekezo, ambalo mtu aweza kuliacha akiwa na sababu nzito na baada ya kuyapima matokeo. Basi "lazima" na "yapasa" zisibadilishane zamu kwa ajili ya kupamba sentensi, na "inatakiwa", neno lipendwalo mno maofisini, lisiingie kabisa, maana halisemi liko daraja gani.

Limebaki "chaguo-msingi", lililoenea sana katika kompyuta. Udhaifu wake ni kwamba latanguliza chaguo pale ambapo mwendeshaji hajachagua lolote. "Kwa kawaida" ni baya zaidi: lazungumzia mazoea, na mazoea huwa na siku zake. Sisi tungeandika hivi: "Ni marufuku ruta, katika hali yake ya awali, kutangaza viungo vya tita, na lazima iwe na njia ya kuamriwa ivitangaze kwa matita yatakayotajwa."