Ufundi wa Kulifunga Tumbo

Kovu la upasuaji wa tumbo laweza kuonekana limepona, kisha baada ya miezi au miaka likafumuka kwa ndani. Ngozi ni nzima, lakini chini yake misuli imeachana na utumbo unasukuma kutoka. Hiyo ndiyo ngiri ya kovu. Mwanya ukiwa mpana kuliko kiganja, hapo ndipo mpasuaji hupimwa.

Asiye na subira atazivuta kingo kwa nguvu azishone. Kikohozi kimoja chatosha: uzi unabaki imara, nyama ndiyo inayochanika.

Mwaka 1990 Oscar Ramirez na wenzake, nchini Marekani, walichapisha njia nyingine. Walianza kwa maiti, wakipima kila tabaka linasogea kiasi gani. Ubavu wa tumbo una misuli mitatu mipana iliyolaliana. Wao walikata utando wa ule wa nje tu, kando kidogo ya misuli iliyosimama katikati, wakautenganisha na wa pili. Mishipa ya fahamu inayoiendesha misuli ya katikati hupita chini zaidi, kati ya tabaka la pili na la tatu, hivyo haikuguswa. Kila upande ukasogea hadi sentimita 10 usawa wa kiuno. Ndivyo afanyavyo fundi cherehani anapofumua mshono wa ubavuni ili kanzu ifunge kifuani.

Kusubiri nako ni ufundi. Utumbo uliozoea kukaa nje ukirudishwa ghafla huisukuma diaframu, na mgonjwa akashindwa kupumua. Ndiyo maana miaka ya 1940 Iván Goñi Moreno wa Argentina alikuwa akilijaza tumbo hewa kidogo kidogo kwa siku kadhaa kabla ya kushika kisu. Wafaransa Jean Rives na René Stoppa nao waliweka wavu nyuma ya misuli, na shinikizo lile lile linalofumua makovu likawa ndilo linaloukandamiza wavu mahali pake. Hakuna wazo zuri kuliko hilo katika fani hii.

Lakini sifa isiwaendee wakarabati peke yao. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha namna mbili za kufunga tumbo mara ya kwanza. Walioshonwa kwa hatua za sentimita moja, asilimia 21 walipata ngiri ndani ya mwaka; walioshonwa kwa hatua ndogo za milimita 5, asilimia 13. Tofauti hiyo huletwa na dakika chache tu za ziada, tena mwisho wa upasuaji, wakati kila mtu chumbani amechoka.