Kwa Nini Meseji Hupita Pale Simu Inapokwama

Mkazi wa Kamina anaijua mbinu hii bila kufundishwa: rezo, yaani mtandao, ikilegea, unaacha kupiga simu, unaandika meseji. Mara nyingi inafika. Watu husema ni kwa sababu meseji ni nyepesi. Ni kweli, lakini wepesi ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni subira. Tuifuate meseji moja katika mtandao wa GSM, kizazi cha pili.

Tuanze na wepesi. Meseji moja ina nafasi ya baiti 140, yaani biti 1,120. Kila herufi imepewa biti 7, ndipo ikapatikana hesabu ya herufi 160. Mzigo huo ni mdogo hata hauhitaji njia ya sauti. Hupita katika njia finyu ambayo simu na mnara huitumia kupeana ishara. Njia za sauti zikijaa zote, hiyo bado yaweza kuwa na nafasi.

Ukibonyeza kutuma, simu hurusha mpigo mfupi wa redio kuomba njia. Mnara huijibu kwa kuitajia masafa na zamu yake. Katika bendi ya megahezi 900, simu husema kati ya 890 na 915, mnara kati ya 935 na 960, wasije wakakatizana maneno. Chaneli moja hugawanywa zamu nane: simu husema kwa mikrosekunde 577, kisha hunyamaza mpaka zamu irudi. Herufi zenyewe hazisafiri. Simu huyumbisha masafa ya wimbi kidogo, juu na chini, na mnara huusoma myumbo huo kuwa 0 na 1.

Aliye mbali huamriwa aanze kusema mapema kidogo, ili wimbi lake lisiangukie zamu ya mwingine. Fidia hiyo hukoma kwenye kilomita 35 hivi. Kupita hapo, mnara wa kawaida hauwezi tena kumpanga, hata akipanda kichuguu.

Sasa subira. Kila fungu la biti 184 huongezewa biti za akiba hadi zifike 456, kisha hutawanywa katika zamu nne. Zamu moja ikimezwa na ukuta au miti, mnara waweza kukitambua kilichopotea kwa kutazama kilichobaki. Ukishindwa, fungu hurudiwa. Sauti haina nafasi hiyo: neno likichelewa sekunde mbili, mazungumzo yamekwisha haribika.

Kutoka mnarani meseji huenda kwenye kituo cha meseji, na hapo ndipo inapoachana na foni ya zamani, ile ya kuzungumza kwa redio. Kwenye foni, mwenzako alilazimika kuwa mbele ya redio saa ileile. Kituo hakijali hilo. Simu ya mpokeaji ikiwa imezimika kwa kukosa umeme, meseji hukaa. Ikiwashwa, hujitambulisha kwenye mtandao. Minara ya eneo lake huiita, nayo huitikia na kupokea. Kituo huifuta meseji baada ya kupata uthibitisho, au muda wake ukiisha.

Liko jambo moja la kuangalia kwetu tunaochanganya lugha. Kiswahili huenea chote katika biti 7. Kifaransa hakienei: é na è zimo, ê na ç ndogo hazimo. Ukiandika "Bonne fête", simu nyingi huihamisha meseji nzima kwenye biti 16 kwa kila herufi, na nafasi hushuka kutoka 160 hadi 70. Emoji nayo hufanya vivyo hivyo.

Basi rezo ikiwa nyembamba, andika kwa ufupi na uivue ê kofia yake. Simu ikisema "imetumwa", maana yake ni kwamba kituo kimepokea, si kwamba mwenzako amesoma. Usiitume mara ya pili. Ya kwanza inamngoja awashe simu.